Kuku wa Jumatano ya Mfungo

Kanisani kwetu Kitale mgeni haachwi akae kimya. Kabla ya mahubiri, mzee wa kanisa huuliza ni nani amekuja kwa mara ya kwanza, na huyo mgeni husimama, akasema ametoka wapi na amekuja kwa nani. Tunampigia makofi, tunamkaribisha chai baada ya ibada. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuyaogopa, mpaka Jumapili ile shangazi yangu wa Bungoma aliposimama.

"Bwana asifiwe!" alisema.

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena! Mimi natoka Bungoma. Huyu msichana anawaongoza kuimba hapa mbele ni mtoto wa kaka yangu. Nimekuja kuwashukuru kwa sababu mmemtunza. Zamani huyu alikuwa anachagua chakula, ati hii ina mafuta, ati hii imepoa. Lakini Jumatano alikuja kwangu, nikamchinjia kuku, bana, akakula! Akakula mpaka nikajiuliza, kwani hawa watu wa Kitale hawampi kitu?"

Watu walicheka. Halafu kicheko kikaanza kufa, benchi moja baada ya jingine, kadiri kila mtu alivyokumbuka hiyo Jumatano ilikuwa ya lini. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya mfungo. Kanisa lilikuwa limefunga kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, bila chakula wala maji mpaka saa kumi na mbili jioni, na aliyeuongoza mfungo huo ni mimi.

Shangazi aliketi akitabasamu. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nakumbuka nilikitazama kama mtu anayetafuta swichi ya kujizima mwenyewe.

Nieleze vizuri, kwa sababu jambo likielezwa nusu huwa silali. Mimi ni fundi wa nguo. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya, na kwa kutazama video kwenye simu hadi betri iishe. Mpaka leo mshono ukipinda kidogo, hata kwa ndani ambako hakuna atakayeona, naufumua. Wokovu wangu nao niliushona hivyo hivyo. Sikuchelewa ibada. Sikuimba wimbo ambao sikuwa nimeufanyia mazoezi. Watu walipokuwa wakishuhudia kwamba wameteleza na Bwana amewainua, niliwasikitikia, na ndani kabisa nilijiuliza walikuwa wanatazama wapi wakati wanateleza.

Jumatano hiyo nilipeleka magauni ya wasimamizi wa harusi kwa mteja wangu Bungoma. Asubuhi nilikuwa nimempigia shangazi kwamba nitapita nimsalimie, dakika chache tu. Nilipofika, kuku alikuwa tayari ameiva. Kwetu mtu akishakuchinjia, kukataa ni kumwambia huuamini mkono wake. Shangazi aliniona nimekaa mbali na meza.

"Kwani umefunga?" aliuliza.

Ningesema ndiyo, angefunika sahani, angenifungia nibebe, na tungecheka. Nilimtazama machoni nikasema, "Hapana, shangazi."

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilisema hivyo kwa unyenyekevu, kwa kuwa tumefundishwa tusijionyeshe tunapofunga. Huo ni uongo mwingine. Ilikuwa harufu ya mchuzi. Nilikula, nikaongezewa, nikala tena, na huku nikila nilikuwa tayari napanga kwamba nitafidia Jumamosi. Na kweli Jumamosi nilifunga peke yangu, kama mtu anayetia kiraka kwa ndani. Lakini jioni ile ya Jumatano nilirudi Kitale nikaketi na wenzangu tukafungua mfungo kwa uji. Nilikunywa polepole, kama mtu ambaye hajaonja kitu tangu asubuhi, na mikono yangu ilitetemeka kidogo kwenye kikombe. Mikono hiyo niliitetemesha kwa makusudi.

Hata hilo ningeweza kulibeba. Lakini kuna mama mmoja wa kanisa letu anayeuza maharagwe na mahindi sokoni. Ana vidonda vya tumbo. Alikuwa amefunga kwa ajili ya mwanawe, aliyehamia Kapsokwony akakata mawasiliano naye kabisa. Alhamisi mama huyo alikuja kwangu ameshika tumbo.

"Mwanangu, hapa ndani kunawaka. Naona leo ninywe tu maziwa."

Nikamwambia, siku moja baada ya kuku wa shangazi, "Mama, tumebakisha leo na kesho. Tusimwachie adui nafasi. Mbona mimi nimeweza?"

Alinitazama, akakaza leso kiunoni. "Haya. Kama wewe umeweza."

Ijumaa alasiri alianguka katikati ya magunia yake. Alijigonga kwenye mizani, jino la mbele likavunjika, na Jumapili shangazi aliposimama kusalimia, mama huyo alikuwa bado amelazwa. Kabla ya jua kutua alikuwa ameshaambiwa habari ya kuku, na watu wangapi, sijui.

Pasta aliniita wiki hiyo hiyo. Alisema nitapumzika kidogo kuongoza sifa. Aliniombea, mkewe akanishika bega, kisha pasta akasema kanisa limenisamehe.

Nilirudi nyumbani na neno hilo nikaligeuza kila upande, kama kitambaa ambacho mwenye duka amekupunguzia bei kabla hujaomba. Kanisa lilikuwa limeketi lini likanisamehe? Nani alisema ndiyo, nani alinyamaza? Pale chumbani sare za kwaya zilikuwa zimening'inia, nusu zimeshonwa, nusu bado, na mkutano mkubwa wa kwaya ulikuwa unakaribia. Nikaona nimeelewa. Wamesamehe sare.

Kisha wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa dada anayeimba sauti ya kwanza.

"Usijali, wewe. Hata mimi Jumanne nilikunywa chai."

"Chai kavu?"

"Na chapati," alisema, akashusha sauti. "Lakini moja."

Mpiga ngoma wetu, ambaye ni mwendesha bodaboda, alisimamisha pikipiki mlangoni bila kuizima. "Niaje, mtumishi! Acha kujiua bana. Mimi nilitafuna miwa njiani, karibu mti mzima. Si miwa ni kama maji tu?"

Alikuja hata mzee mmoja aliyekiri kulamba sukari. Kila mmoja alikuja peke yake, na kila mmoja alikuwa na kachakula kake mkononi. Walipoondoka nilifunga mlango nikawaza. Kama ni kweli, basi wiki nzima tulikuwa tunadanganyana, tumeketi kwa duara tukipuliza uji. Kama si kweli, basi wametumwa na pasta waje kunifariji kwa uongo. Sikujua lipi ni baya zaidi, na nikaacha kuwafungulia.

Sare nilizimaliza. Nilizipiga pasi, nikakata kila uzi uliobaki, nikazipeleka kwa mke wa pasta ili mtu yeyote asiwe na sababu ya kunipenda. Kisha nikabeba cherehani yangu nikahamia Bungoma kwa shangazi.

Mtu atauliza kwa nini nilimkimbilia yule yule aliyenianika. Sikuwa na kwingine, na pia nilitaka kumchunguza. Nilipata nafasi kwenye veranda ya duka moja karibu na soko, nikawa nashona mchana, jioni namtazama shangazi. Nilitazama anavyonipakulia. Nilisikiliza anavyozungumza kwenye simu. Siku moja alikuwa anachambua mrenda uani, nikashindwa kujizuia.

"Shangazi, ulijua nilikuwa nimefunga?"

"Ningejua aje? Si nilikuuliza?"

"Na mbona ulienda kusema kanisani?"

"Kwani nilisema mbaya? Nilikuwa nakusifu!" Aliinua kichwa. "Kuku ni wangu, nimemlea mwenyewe, nimemchinja mwenyewe, halafu nimnyamazie kama ni wa wizi?"

Nilicheka, na yeye akacheka. Kisha akarudi kwenye majani yake, akasema bila kuniangalia, "Lakini uliniambia hujafunga. Uliniangalia hivi, macho kwa macho. Hiyo mimi sijakuuliza."

Miezi yote hiyo nilikuwa namchunguza kuona kama alinisaliti, na kumbe alikuwa amekaa na uongo wangu nyumbani mwake, akinipakulia. Nilimwomba msamaha pale pale. Alisema, "Sawa," akaniambia nilete sufuria. Nikaleta, nikijiuliza ile sawa ilikuwa ya uzito gani.

Jumapili nilikuwa naenda kanisa moja la pale mjini, naketi karibu na mlango. Walipouliza wageni sikusimama. Siku moja mhubiri alizungumza juu ya yule mfuasi aliyemkana Bwana wake akiota moto uani, na namna Bwana huyo alivyokuja kumpikia samaki ufuoni asubuhi. Nilikuwa na hakika kuna mtu amepiga simu kutoka Kitale. Nilitazama ni nani ananitazama. Hakuna. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa anampangusa mtoto kamasi. Hata hivyo hadithi hiyo ilinisumbua wiki nzima, na kilichonisumbua si kumkana. Ni samaki. Mtu aliyekosewa vile, akianza kukupikia kabla hata hajakugombeza, anataka nini kwako?

Pasta wa Kitale alipiga simu. Alisema Jumapili ya Meza ya Bwana wanataka kunirudisha. Kwetu anayerudishwa husimama mbele, na waumini hupita kwa mstari wakimpa mkono wa ushirika, mmoja mmoja, kisha anashiriki mkate na kikombe pamoja nao. Mpaka hapo anakuwa haruhusiwi kushiriki.

"Na yule mama?" niliuliza.

"Alishakusamehe, dada."

"Alisema?"

"Yule ni mtu wa Mungu," pasta alisema.

Sikulala. Niliona wazi kwamba hajasema. Na niliona kwamba mikono yote ya Kitale ikipita mbele yangu bila wa yule mama, nitakuwa nimerudishwa kwa maneno ya pasta tu. Jumamosi nikaenda sokoni Kitale kumtafuta. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nimeyakariri mbele ya kioo cha shangazi, nikajua hata mahali pa kupumua.

Nilimkuta akimimina maharagwe kutoka gunia kubwa hadi dogo.

"Mama, nimekuja mbele yako nikiwa na moyo uliovunjika, na sina..."

"Shika hapo," alisema, akanipa mdomo wa gunia. Nikashika. Akamimina, akatikisa, akamimina tena. "Haya endelea. Ulifika kwa moyo umevunjika."

Muuzaji wa jirani aliangua kicheko. Nilikuwa nimepoteza mahali, ikabidi nianze upya kutoka mwanzo, huku nimeshika gunia. Nilipofika mwisho, alifunga kamba.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Imepangika. Ulikariri?"

"Ndiyo."

"Sasa nisikize na mimi. Yangu sijakariri. Nilikukasirikia mpaka nikaomba Mungu cherehani yako ivunjike sindano kila siku. Nimelala pale hospitali, nimewekwa dripu, daktari ananiuliza, mama, na haya matumbo yako ni nani alikuambia ufunge? Nikamwambia, daktari, tuko na kiongozi wetu, msichana mdogo tu, na ameweza. Nikakusifu! Halafu wanakuja kuniambia kuku." Alifungua mdomo, akanionyesha pengo. "Kuku!"

Muuzaji wa jirani aliacha kucheka.

"Na kijana wangu hajapiga simu. Mpaka leo. Usiku nakaa nikifikiria, kama sote tungefunga vizuri, angepiga? Pengine hangepiga. Lakini siwezi kujua. Wewe ndio umefanya nisiweze kujua."

Kwa hilo sikuwa nimekariri chochote. Nikasema tu, "Pasta aliniambia umenisamehe."

"Pasta alikuwa kwa hili tumbo? Sijakusamehe. Nikisamehe, nitakuambia mimi mwenyewe. Kesho usiningojee kwa laini."

Niliondoka sokoni miguu ikiwa myepesi, na ilinishangaza. Kwa mara ya kwanza tangu shangazi asimame kusalimia, mtu alikuwa ameniambia neno na nikaliamini lote.

Jumapili nilisimama mbele. Mstari ulipita. Dada wa sauti ya kwanza alinibana hadi nikakosa pumzi. Mpiga ngoma alinipiga kofi la mkono kama kijana mwenzake wa stejini ya bodaboda. Mzee mmoja alinipa ncha za vidole. Nilikuwa nikipima kila mkono: huu una joto, huu umetumwa, huu unataka sare nyingine. Mstari ukaisha. Mama yule alikuwa ameketi kwenye benchi lake, mkoba mapajani, akitazama mbele.

Pasta alinielekeza mezani. Nikatikisa kichwa.

"Bado, pasta."

"Dada, kanisa linangoja," alininong'oneza.

"Kuna mmoja bado."

Nilisema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. Vichwa viligeuka. Vyote vilikwenda mahali pamoja, kwenye benchi la yule mama. Nilirudi nikaketi nyuma bila kula wala kunywa, na nikahisi kwamba nimefanya jambo la haki, gumu, na safi.

Baada ya ibada alinipata nje, kando ya tangi la maji.

"Wewe msichana! Umenifanyia nini?"

"Mama, nilitaka tu nisile kabla..."

"Watu wote wamenigeukia kama mimi ndiye nilikula kuku! Sasa mimi ndiye mwenye roho ngumu. Wewe ndiye mtakatifu, umekataa meza. Ile meza ni yangu? Ni mimi nilisulubiwa?" Alinielekezea kidole. "Ungekula! Maneno yangu na wewe ni yangu na wewe, tutayamaliza ama tusiyamalize. Yale mengine ni yako na Yeye. Unayachanganya ndio uonekane."

Nilitaka kukana. Lakini nilikumbuka, pale mbele, wakati natikisa kichwa, kwamba nilikuwa nimejiona. Nilijiona kutoka benchi la katikati, msichana aliyeinamisha kichwa, asiyekubali msamaha wa bei rahisi, na nilikuwa nimependezwa na ninachokiona. Hata toba yangu nilikuwa naipiga pasi.

Nilidhani ndio mwisho wetu. Katikati ya wiki simu yake ikaingia.

"Ijumaa una kazi?"

"Hapana, mama."

"Twende Kapsokwony, kwa kijana wangu."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Nikienda na hao wengine wataimba njia nzima. Wewe ukiwa na hatia unanyamaza vizuri."

Sikuamini kwamba ni hilo tu. Niliwaza kwamba ananipeleka anionyeshe kwa mwanawe: huyu hapa, ndiye aliyeharibu maombi yetu kwa ajili yako. Nilipanga namna nitakavyosimama akisema hivyo. Tulibadilisha gari Kimilili, na kutoka Kapsokwony tukapanda pikipiki, moja yake na moja yangu, barabara ikipanda hadi injini zikalia.

Kijana alitoka shambani na jembe begani, magoti yana udongo. Ni mtu mzima, ana mke na watoto. Alinipa mimi mkono. Mama yake hakumpa, alimwambia tu, "Mmefika." Akatoa viti viwili akaviweka nje, karibu na ukuta. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na hakutukaribisha kuingia. Mkewe alituletea chai pale pale nje, macho chini.

Mama alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimekuja kwa sababu ya yale maneno. Siku ya kumzika baba yako. Nilisema mbele ya watu... nilisema wewe ndiye ulimmaliza baba yako. Kwa hasira. Na haikuwa... yale maneno, siku ile ya kumzika..."

Alikwama, akarudi mwanzo, akayasema tena yote. Niliona kwamba alikuwa amekariri.

Kanisani tulikuwa tumeombea kijana aliyepotea. Mwezi baada ya mwezi tulikuwa tumeomba moyo wake mgumu ulainike, na nadhani ni mimi niliyeongoza baadhi ya hayo maombi, kwa sauti nzuri. Hakuna aliyetuambia kwamba aliyekosa ni mama. Hata yeye hakutuambia.

Kijana alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti. Alimaliza upande mmoja, akageuza.

"Nimesikia, mama."

"Umenisamehe?"

"Nimesikia."

Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani. Aliyatazama. "Mtanyeshewa. Afadhali mshuke mapema."

Mama alisubiri kidogo zaidi ya ilivyofaa, akatazama ule mlango. Kisha akaweka kikombe chini, akainuka.

Mvua ilitukuta hata kabla ya kupata pikipiki. Tulijibanza chini ya paa la duka lililofungwa, maji yakishuka mbele yetu na kubeba udongo mwekundu. Mama alikuwa amejifunika leso kichwani. Nilinyamaza vizuri, kama alivyotaka.

"Amesema amesikia," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Hajasema hapana."

"Hajasema."

Mvua ikaongezeka. Akasema, "Hiyo yako imeisha."

"Gani?"

"Ya kuku. Na ya jino. Imeisha."

Nilikuwa nimelingojea neno hilo miezi mingi, na nilipolipata jambo la kwanza nililofanya ni kulichunguza. Niliona ninachokitafuta mara moja, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikakisema.

"Mama, unanisamehe ndio Mungu amlainishe kijana wako?"

Aligeuka akanitazama. Nilijua nimeharibu tena.

"Inaweza kuwa," alisema. "Sitakudanganya. Inaweza kuwa kuna hiyo pia. Na nimechoka. Na pale nje ya nyumba yake, nimekaa nikisikia vile kile kiti ni kigumu, na mlango uko wazi, naona mpaka meza yao. Nikasema, na huyu nimemkalisha hivi hivi, muda huu wote." Alitoa mkono chini ya leso. Ulikuwa na maji na ulikuwa mgumu kwa kazi. "Shika."

Nikaushika.

"Imeisha kabisa?" niliuliza.

"Wewe nawe! Unataka risiti?"

Alicheka, na pengo likaonekana. Nikacheka nikiona aibu. Hakuuachilia mkono wangu haraka, na mimi sikuupima.

Nilirudi Kitale na cherehani yangu. Siongozi sifa, hawajaniomba, nami sijajua kama nalingoja hilo au naliogopa. Kijana wa Kapsokwony hajapiga simu. Mama anasema hajasema hapana, na mimi najibu kwamba hajasema. Wakati mwingine nikipita sokoni naona uso wake umefungwa, nawaza kwamba amejirudi, amebadilisha mawazo usiku, na namzungukia kwa mbali. Kisha ananiita kwa kelele nije nishike gunia.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, sinia lilipita kwenye mabenchi kama kawaida, mkono hadi mkono. Lilipofika kwangu, aliyenipa alikuwa yule mzee wa ncha za vidole. Mkate ulikuwa umekatwa vipande vidogo, visivyolingana, kimoja kimebomoka pembeni. Nilichukua hicho. Nilikitazama nikitafuta sharti lilikofichwa, nikakigeuza, na benchi zima likanisubiri. Sikuliona. Sikuamini kwamba halipo. Nikala.